Airisi si tangawizi: kisa cha vipande 18 katika bustani ya Nashville

Simu ilikuja wiki ya kwanza ya Septemba. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hebu njoo unitazamie maua yangu, yamelala yote." Akatuma na picha. Majani marefu, bapa kama mapanga, yalikuwa yamelalia tope, na mengi yalikwisha geuka njano. Tuta lenyewe lilikuwa safi, limenyooka kwa kamba, limefunikwa matandazo vizuri. Nilipoona usafi ule nikaanza kushuku kwamba tatizo si uzembe.

Mama huyu ni mzaliwa wa Mamba Miamba, wilaya ya Same, huko Upareni ambako tangawizi ndiyo inayolipa ada za shule. Nashville, jimbo la Tennessee, amekaa miaka mingi, na mbele ya nyumba yao kuna kiwanja kidogo cha nyasi ambacho hakuwahi kukipenda. Mwishoni mwa Julai jirani yake, bibi wa Kimarekani aliyestaafu, alikuwa anapunguza shina la airisi lililosongamana, akampa matunguu 13, yale mashina manene ya ardhini, yenye majani yake. Tennessee ua hili si geni. Ndilo ua rasmi la jimbo tangu 1933, na ikifika mwisho wa Aprili hupiti mtaa usiuone zambarau yake ukutani mwa mtu. Mimi riziki yangu ni kutunza bustani za watu, ndiyo maana nikaitwa.

Kabla sijagusa jembe nilimwomba anisimulie alivyopanda, hatua kwa hatua. Alinieleza bila kusita, kwa sababu kwake hakukuwa na cha kubahatisha: alipanda mbegu ya tangawizi. Matunguu matano makubwa aliyakata vipande viwili viwili ili mbegu iongezeke, 13 zikawa 18. Alichimba mfereji wa kina cha sentimita kumi hivi, akamwaga mfuko mzima wa samadi ya kuku iliyouzwa dukani, akalaza vipande, akafukia, akatandaza maganda ya miti juu. Kila jioni alimwagilia kwa mpira mpaka udongo ushibe. Majani hakuyagusa. "Ukiukata mmea majani, mwanangu, utakula nini?"

Swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi ninayosikia kwa watu wa kazi yangu, na nitalirudia. Kwa sasa nitaje jambo moja ambalo yeye mwenyewe alilitaja kwa aibu, akicheka. Vipande vitatu hakuvipanda siku ile. Vilibaki kwenye ndoo barazani, akavisahau. Alipovikuta, siku kumi zilikuwa zimepita na majani yamekauka nusu. Akayapunguza kwa mkasi wa jikoni ili yasimtie haya mbele ya jirani, kisha akavichomeka kando ya njia ya gari, penye changarawe, bila samadi wala matandazo, migongo ikiwa nje. Mpira wa maji haufiki pale.

Nikaanza na tuta kubwa. Tunguu la kwanza nililishika kwa kidole gumba na kidole kikazama. Ndani mlikuwa na uji wa rangi ya maziwa yaliyochacha, na harufu yake inamfanya mtu ageuze uso kabla hajajua kwa nini. Huo ndio uozo laini unaoletwa na bakteria, adui mkubwa wa airisi popote inapopandwa. Mizizi ya zamani ilikuwa bado ipo, mirefu, ukiitazama kwa mbali utadhani mizima. Nikavuta mmoja. Ganda la nje likateleza likatoka lote kama soksi, nikabaki na kiuzi chembamba mkononi. Mama akauchukua ule uzi, akautazama dhidi ya jua, akasema, "Kumbe ilikufa siku nyingi."

Tulipomaliza kuchimba, hesabu ya vile 15 vya tuta ilikuwa hivi: tisa vilikuwa vimeoza kabisa, vinne vimeoza nyuma lakini kichwa bado kigumu, viwili vigumu pande zote ila havina mzizi hata mmoja mpya baada ya wiki sita ardhini. Katika vile tisa vilivyokufa, vitano ni vile vipande vya nyuma alivyovikata, visivyo na majani. Hakikupona hata kimoja.

Kisha tukaenda kwenye changarawe. Vile vitatu sikuving'oa, nilipangusa udongo kwa kidole tu. Chini ya shingo, pale majani yanapoanzia, ilikuwa imetoka mizizi mipya myeupe, minene kama njiti ya kiberiti, imeshuka wima na kung'ang'ania. Nilikitikisa kimoja kidogo, hakikucheza. Katikati ya majani yaliyokatwa kwa mkasi lilikuwa limechomoza jani jipya, kijani kibichi, urefu wa kidole.

Kwa hiyo swali la kisa hiki si kwa nini maua ya mama yalikufa. Maji mengi, udongo mzito, uozo: hayo angeyasema yeyote. Swali ni kwa nini vile vilivyotupwa viliota mizizi na vile vilivyolelewa vikakosa, ilhali vilitoka shina moja siku moja.

Jibu langu linaanzia kwenye tunguu lenyewe. La tangawizi na la airisi yote ni mashina yanayojilaza, lakini yamezaliwa nchi mbili tofauti kabisa. Tangawizi asili yake ni Asia yenye joto na unyevu, mmea wa kivulini chini ya majani yaliyooza. Unataka kufukiwa, unataka matandazo, unataka maji ya mfereji, na ndiyo sababu unastawi Upareni ambako watu wamejenga ndiva za kukusanya maji tangu enzi za mababu. Airisi hizi zenye ndevu, zile zenye manyoya kama brashi kwenye ulimi wa ua, damu yao ni ya nchi za Mediterania. Mmoja wa wazazi wao anaota porini kwenye miamba ya pwani ya Dalmatia, huko Kroatia, ambako kiangazi hakinyeshi na jiwe linachoma mguu. Tunguu lao limeumbwa lilale juu ya ardhi kama mjusi anayeota jua. Mgongo unakauka, tumbo linakunywa. Ukilifukia kina cha kiganja ndani ya udongo wa mfinyanzi wa Nashville, kisha ukaliogesha kila jioni katikati ya joto la Agosti, umelipika.

Yaani kila alichofanya mama kilikuwa sahihi. Kwa tangawizi.

Sasa mizizi yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata wenye uzoefu. Tunguu la airisi lina mbele na nyuma. Mbele ni pale penye majani, yaliyojipanga bapa kama upepeo. Nyuma ni kile kipande chenye pete pete, alama za majani ya zamani. Tunguu linatambaa kuelekea mbele, na macho mapya yanatoka ubavuni. Likikwisha kutoa ua, kichwa kile hakitoi ua tena. Kazi inarithiwa na watoto wa pembeni. Mizizi ya zamani imeshuka kutoka nyuma na katikati. Unapong'oa, zile ncha nyembamba ndizo zinazonywa maji, nazo zinakatika karibu zote. Kinachobaki ni kamba. Kamba ina faida, inashikilia mmea usianguke, lakini usitegemee inywe kama zamani. Mizizi itakayoulisha mmea mpya inatoka mbele, chini ya shingo ya upepeo, na wakati wake mkubwa wa kutoka ni miezi ile ya baada ya maua, kiangazi kikiwa kinakwisha.

Kwa hiyo kuliandaa tunguu ni kuulinda ule upande wa mbele mpaka utoe mizizi yake. Mizizi ya zamani haina haja ya kubembelezwa. Ukilielewa hili, mambo yote ambayo wakulima wa airisi huyafanya, na ambayo ukiyatazama kijuujuu yanafanana na ukatili, yanakuwa na maana.

Turudi kwenye swali la mama: majani yakikatwa, mmea utakula nini? Utakula tunguu. Lile ni ghala la wanga, limejazwa tangu majira ya kuchipua. Jani refu la sentimita 60 linatoa maji hewani mchana kutwa, na chini hakuna mzizi wa kurudisha yale maji, basi deni linalipwa na tunguu. Zaidi ya hapo jani refu ni tanga. Ngurumo za Agosti Tennessee huja na upepo, upepo unalisukuma tanga, tunguu linayumba, na vile vijizizi vipya vilivyotoka nusu kidole vinakatika kabla havijashika. Nadhani hilo ndilo lililovikuta vile viwili vigumu visivyo na mizizi: havikuoza, vilisukwasukwa tu. Kupunguza majani mpaka yabaki kama sentimita 15 kunakomesha yote mawili. Mkasi wa jikoni ulifanya kazi hiyo bila mwenyewe kujua.

Siku kumi za ndoo nazo zilikuwa dawa. Tunguu lililotoka kukatwa lina kidonda kibichi, na bakteria wa uozo hawahitaji mwaliko mwingine. Likiachwa kivulini penye hewa, kidonda kinakauka na kufunga ngozi ngumu kama kovu la goti. Ndiyo maana matunguu ya airisi husafirishwa kwa posta bila udongo wala maji na kufika salama. Watu huyaonea huruma kwa bure. Vile vitano vya nyuma vilikuwa na hasara tatu kwa pamoja: kidonda kipana, hakuna majani, na jicho lililolala ambalo lingeweza kuchukua miezi kuamka. Kipande cha nyuma wakati mwingine huchipua, sikatai, lakini sharti kiwe kikavu na juu juu, na wewe uwe na subira.

Samadi ya kuku nisiiache ikapita. Naitrojeni yake nyingi, kirutubisho cha majani, humsukuma airisi atoe majani laini haraka, na ulaini huo ndio chakula cha uozo. Kama ni lazima umpe kitu wakati wa kupanda, mpe unga wa mifupa kidogo uchanganye na udongo wa chini, basi.

Nikiulizwa kosa lipi lilikuwa kubwa kuliko mengine, nitasema ndoa ya kidonda kibichi na maji ya kila siku. Kina peke yake hakiui upesi. Nimeona airisi zilizofukiwa kwenye udongo wa kichanga zikaishi miaka, majani tele, ua hakuna. Lakini kidonda kibichi ndani ya mfinyanzi uliolowa, kwa joto lile, hakina siku saba.

Tulikuwa na vipande sita vya kuokoa na wiki sita kama saba kabla ya jalidi ya kwanza, ambayo hapa huja mwishoni mwa Oktoba au Novemba ikianza. Wiki sita ndicho kiwango cha chini ninachokubali. Tunguu lisiloshika kabla ya baridi husukumwa juu na ardhi inayoganda na kuyeyuka, na mwisho wa Februari unalikuta limelala kifudifudi juu ya udongo.

Tuliviosha kwa mpira mpaka kila pembe ikaonekana. Vaa glavu, utomvu wake unawasha baadhi ya watu, na mbwa asipewe nafasi ya kutafuna. Mama alishika kijiko, mimi kisu. Pale palipooza alikwangua kwa kijiko mpaka akafika kwenye nyama nyeupe, ngumu, isiyo na harufu; ukikwangua unasikia tofauti, uozo hauna sauti, nyama nzima inakwaruza. Mizizi iliyokuwa soksi tuliikata yote. Ile michache iliyokuwa imara tuliibakiza urefu wa upana wa kiganja. Majani tuliyakata kwa mteremko pande mbili, kama paa la banda, ili maji yasikae.

Kisha tukavizamisha dakika kumi katika maji yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo nyumbani kila aina tunaiita jiki, kipimo kimoja kwa maji tisa. Tukavisuuza, tukavipanga juu ya wavu wa oveni chini ya paa la gereji, kivulini, penye upepo, siku nne. Mama alikuja kuvitazama kila asubuhi kama mtu aliyeanika dagaa. Siku ya nne kovu lilikuwa kavu, rangi ya ngozi ya viazi, na kwenye vipande viwili, chini ya shingo, tuliona vipele vidogo vyeupe. Nikamwambia hivyo ndivyo mizizi. Akavaa miwani akatazama tena.

Tuta tulilijenga upya mahali pengine, penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, tukaliinua sentimita 15 juu ya ardhi. Mfinyanzi wa hapa umelalia mawe ya chokaa, kwa hiyo uchachu si tatizo, tatizo ni maji kutuama. Tuliuchanganya na mchanga mnene na mboji iliyoiva sana, kidogo. Kwa kila kipande nilichimba shimo pana, katikati nikaacha kichuguu, juu yake nikakalisha tunguu kama mtu aliyepanda punda, miguu huku na huku. Mizizi inashuka pande zote mbili za kichuguu, tumbo linakaa moja kwa moja juu ya udongo bila hewa katikati. Ukifukia, shindilia kwa ngumi. Pakibaki hewa chini ya tumbo, mzizi mpya hutoka, ukakosa udongo, ukakauka.

Mgongo uonekane kiasi gani? Hapo watu hugombana. Kwenye nchi za mawingu kama Uingereza huachwa wazi kabisa. Kwa jua la Tennessee mimi huuvika tabaka jembamba la udongo, sentimita moja au mbili, ambalo mvua ya kwanza italipunguza. Nafasi kati ya kipande na kipande tuliweka sentimita 40, pepeo zote zikitazama nje ili zisije zikagongana zikitambaa.

Maji tulimwaga mara moja, mengi, ili udongo ukae. Baada ya hapo nilimwachia mama sharti moja: asimwagilie mpaka achomeke kidole na kukuta ukavu hadi kifundo cha pili. Hili ndilo lililomshinda zaidi. Alinipigia mara tatu wiki ya kwanza. "Mwanangu, hata vikombe viwili?" Hata kimoja, mama.

Wiki ya tatu jani jipya lilichomoza katikati ya upepeo kwenye vipande vinne, wiki ya nne kwenye cha tano. Hiyo ndiyo ishara ya kutazama, kwa sababu jani la kati halisukumi mpaka chini pawe na mzizi. Kipande cha sita kilioza kabla Oktoba haijakwisha, na uozo ulianzia kwenye mkato wenyewe. Kosa hilo ni langu. Nilikuwa nimetoka kukata kilichooza nikafuta kisu kwenye suruali badala ya kukichovya kwenye dawa. Nilimwambia ukweli, akanisamehe kwa sharti kwamba nisimcheke tena kuhusu samadi.

Novemba tulikusanya majani yote makavu tukayafunga kwenye mfuko wa taka. Kuna nondo hapa mashariki ya Marekani ambaye hutaga mayai kwenye majani makavu ya airisi. Mayai yanalala majira yote ya baridi, masika yanaangua, na kiwavi anatoboa jani akishuka mpaka ndani ya tunguu. Shimo lake ni mlango mwingine wa uozo. Baada ya kazi yote ile sikutaka kumwachia mlango.

Mwisho wa Aprili viwili kati ya vile vitatu vya changarawe vilitoa maua, zambarau yenye ndevu za njano. Vile vitano vya tuta havikutoa, wala sikuvitarajia, msimu wao wa kwanza waliutumia kujenga. Juni nilipopita, kila kimoja kilikuwa kimetoa macho ubavuni, mawili hadi manne. Mama ameweka jiwe dogo mbele ya kila upepeo ili apime unatambaa kiasi gani kwa mwaka, na ameuliza kama anaweza kung'oa kimoja ampelekee shoga yake. Nimemwomba asubiri kiangazi cha tatu. Ndoo tayari ameiweka barazani.